Lambalamba za Kila Siku

"Watoto wangu mimi hawaijui tena njia ya kwa muuza lambalamba," Mwanaheri alisema kwenye simu. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mguu mmoja ukimcheza kama wa fundi cherehani. "Kila siku nawatengenezea za matunda, bibi. Kwa mikono yangu hii. Nanasi, pasheni, ndizi, wewe taja tu. Juzi Saady kalia eti nimempa moja. Tangu mama yao alazwe wamenenepa hadi naogopa!"

Upande wa pili, huko Kibondo, Bibi Adija alinyamaza. Bibi Adija akinyamaza, wanaomfahamu huanza kutafuta viatu vyao.

"Lambalamba," alisema mwishowe. "Vizuri. Keshokutwa Jumamosi napanda basi la asubuhi. Nitakuja kuzila hizo lambalamba. Nikiwakuta wajukuu zangu wamechangamka, watabaki. Nikiwakuta wamenyong'onyea, jioni narudi nao huku mpaka mama yao ajifungue. Umenisikia, binti?"

"Nimekusikia, bibi. Wewe njoo na njaa tu."

Simu ikakatika. Mlangoni alisimama Firdausi, miaka minane, ufagio mkononi na macho kama ya hakimu.

"Mamdogo," alisema, "lini?"

"Lini nini?"

"Lini umetutengenezea lambalamba?"

Mwanaheri akatazama dari, akatazama rafu ya sabuni, akatazama nje. "Firdausi," alisema, "wewe ukikua utakuwa polisi wa barabarani."

Ukweli ni kwamba Mwanaheri hakuwahi kugandisha kitu chochote maishani mwake, labda uso wa mwalimu wake wa fizikia siku ya matokeo. Alikulia Ujiji, akamaliza kidato cha nne, na mwezi wa sita alikuja hapa Kasulu kumsaidia dada yake Safina dukani. Mdomo alikuwa nao. Wateja walikuwa wanakuja kununua kiberiti, wanataniwa, wanaondoka wakicheka na kiberiti wamekisahau. Lakini wiki mbili zilizopita daktari wa Kabanga alimwambia Safina alale kitandani palepale hospitali mpaka mtoto azaliwe. Shemeji Hamis, mume wa Safina, alikuwa Kahama kufuata bidhaa. Duka, nyumba na watoto wawili vikamwangukia Mwanaheri kichwani siku moja.

Duka aliliweza. Nyumba aliiweza nusu. Kazi ilikuwa kwa watoto, hasa Saady.

Kila siku saa kumi jioni aliwapakia kwenye bajaji mpaka Kabanga. Watoto hawakuingia wodini. Walisimama nje, kwenye ua, na Safina alijikokota mpaka barazani akiwa amejifunga kanga ya njano, akawapungia. Firdausi alipunga mara moja, kwa adabu. Saady, miaka mitano, alipunga kwa mikono miwili mpaka mama yake aliporudi ndani, kisha njia nzima ya kurudi hakusema neno. Chakula alikigusa kwa kidole. Hiyo dakika moja ya barazani ndiyo iliyokuwa chakula chake.

"Wasiende Kibondo, Mwana," Safina alimwambia siku ya kwanza, amemshika kiganja. "Nisipowaona jioni silali. Mama mkwe ana nia nzuri, lakini kutoka Kibondo nani atawaleta kila siku wanipungie?"

"Hawaendi popote," Mwanaheri alimjibu. "Mimi nipo."

Na sasa yule aliyepo alikuwa amemwahidi mama mkwe lambalamba.

*

Alhamisi hiyohiyo aliingia jikoni kama mtu anayekwenda kukamata mwizi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, kiangazi kimebakiza mkia tu, lakini mkia wenyewe unachapa. Upepo uliokota vumbi jekundu barabarani ukalimwaga ndani bila hodi. Mabati yalilia. Hata kuku walikuwa wanahama kivuli hiki wanakwenda kile, hawatulii.

Mwanaheri alimenya mananasi mawili, akayaponda, akakamulia pasheni, akaweka sukari kwa kukisia. Vyombo vya lambalamba hakuwa navyo, akatumia vikombe vya bati. Vijiti hakuwa navyo, akasimamisha vijiko. Akavipanga kwenye friza ya dukani, kati ya soda na samaki wa mgebuka, akafunika.

Akahesabu mpaka hamsini. Akafunua.

"Bado," alisema.

Akaenda kibarazani, akarudi, akafunua. Akamuuzia mtu chumvi, akafunua. Alifunua mara nyingi hadi mgebuka wakaanza kumfahamu.

"Mamdogo, baridi inatoka," Firdausi alisema.

"Haitoki. Inapumua."

Jioni, waliporudi Kabanga, lambalamba zilikuwa zimeganda juu tu, chini maji. Alivuta kijiko, kijiko kikaja peke yake. Alivuta cha pili. Kikaja na ganda jembamba kama kioo cha saa. Kikombe cha tatu alikigeuza, akakigonga kwa mchi, akagonga tena kwa hasira, na pande zima la nanasi likaruka, likapita dirishani, likatua uani kwenye vumbi. Kuku walifika kabla halijatulia.

Wakasimama wote watatu dirishani wakitazama.

"Kuku wamezipenda," Firdausi alisema.

Saady aliweka kidevu kwenye kizingiti cha dirisha. "Kibondo ni mbali kushinda Kabanga?" aliuliza.

Mwanaheri alifunga dirisha. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati.

*

Ijumaa asubuhi kichwa kilichomoza juu ya uzio wa mabua. Kilikuwa cha jirani yao, Mama Reverien. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Sasa alikuwa na uraia wa Tanzania, shamba la migomba, na mbuzi mmoja asiye na adabu.

"Yewe, binti Ujiji! Jana ulikuwa unatwanga nini? Nilidhani nyumba inabomolewa."

Mwanaheri alimweleza yote, tangu simu mpaka kuku. Mama Reverien alicheka akashika uzio, uzio nao ukacheka. Kisha akaenda kwake, akarudi na dumu la lita tano.

"Hii ni umutobe," alisema. "Jana tumekamua. Ndizi zimeiva shimoni, tumezikanda kwa majani mpaka zikatoa maji yake. Sisi kiangazi ndiyo tunawapa watoto. Mwite huyo mdogo."

Saady alikuja akiburuta ndala. Alipewa kikombe. Alionja kwa ncha ya ulimi, akanywa chote, akabaki na sharubu za kahawia.

"Ipo tena?" aliuliza.

Mwanaheri nusura apige kigelegele. Wiki mbili nzima neno "tena" halikuwa limetoka kwenye ule mdomo.

"Sikia, mwanangu," Mama Reverien alisema. "Haitaki sukari, haitaki kitu chochote. Imimine kwenye vikombe vya plastiki, si bati, uigandishe leo leo. Ikilala nje, mimi simo."

"Mama Reverien, mimi nimesoma fizikia. Niachie mimi."

Saa sita mchana, vikombe tisa vya plastiki vimeoshwa na kupangwa, umeme ukakatika.

Mwanaheri alisimama mbele ya friza kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu asiyemjua. Akasubiri. Akaenda barabarani kuuliza; mtaa mzima ulikuwa gizani mchana kweupe. Akarudi, akakaa, akasimama. Akachungulia dumu. Umutobe ulikuwa mwepesi kama chai ya rangi, na yeye alikuwa ameona kwenye simu lambalamba za mjini, nzito, laini, zinazochelewa kudondoka.

"Tatizo si umeme," alimwambia Firdausi. "Tatizo ni uzito. Kitu chepesi kikiganda kinakuwa jiwe. Jana si umeona? Kinatakiwa kishikane."

"Kishikane na nini?"

Macho ya Mwanaheri yakapanda rafuni, kwenye kopo la unga wa mtama wa uji wa Saady.

Mtoto yeyote wa Nyakitonto, huko kwenye migomba, anayejua kufunga kaptula yake mwenyewe angemshika mkono hapohapo. Lakini nyumba ya Hamis haikuwa ya migomba, Ujiji alikokulia Mwanaheri watu wanajua zaidi samaki, na Firdausi alikuwa darasa la pili. Vikombe viwili vya unga wa mtama vikaingia kwenye dumu. Akatikisa mpaka mabega yakauma. Akafunga mfuniko, akakaza kwa meno. Kisha, kwa kuwa alimjua Saady na lile "tena" lake, akalivisha dumu gunia na kulificha nyuma ya mlango wa jiko, kwenye kona ambako mabati humwaga joto lake lote.

"Umeme ukirudi tu, tunagandisha," alisema.

Umeme ulirudi saa nane za usiku, watu wamelala.

*

Jumamosi aliamka kabla ya adhana. Basi la Kibondo huingia saa sita. Alilivuta dumu kutoka kwenye gunia akakuta limevimba tumbo, kama shemeji wa mtu aliyekuja kwenye harusi bila kuchangia. Alipogusa mfuniko, ukatoka wenyewe: pah! Povu likapanda.

Mtu mwingine angeshtuka. Mwanaheri alifurahi. "Povu!" alisema. "Ndiyo zile za kwenye simu hizi!"

Akamimina vikombe tisa, akasimamisha vijiti alivyochonga kwenye bua, akafunika friza. Safari hii alijikataza kufunua. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alimbadilisha Saady shati mara mbili. Alipanga sabuni, akazipanga tena. Saa tatu uvumilivu ukamwisha, akafunua.

Hazikuwa zimeganda. Zilikuwa uji wa barafu, laini, wenye chengachenga, na kijiti kililala pembeni kama mlevi ukutani. Alionja kwa kijiko. Ulimi ukamchezacheza. Ni kama soda! Soda ya ndizi, ya baridi, inatekenya pua!

"Nipe, mamdogo," Saady alisema.

"Subiri bibi. Hizi ni za kuonyesha."

Saady akakaa kwenye kizingiti, viganja mashavuni, akamtazama.

Kikombe cha kwanza Mwanaheri alikionja kama fundi. Cha pili alikionja kama mlaji. Cha tatu hakuna anayejua alikionja kwa sababu gani. Hofu ya wiki mbili ikamtoka miguuni kama viatu. Basi la Kibondo lije. Yaje hata mawili! Alianza kuimba wimbo ambao haujatungwa, wenye neno moja la "pasheni", akicheza na ufagio. Mbuzi wa Mama Reverien akapenya kwenye uzio, akasimama uani akitafuna. Mwanaheri akamwinamia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Mbuzi akatafuna.

"Mbona huitikii? Kwa sababu mimi wa Ujiji? Nakuuliza wewe, mwenye ndevu!"

Mbuzi akamtazama, akatazama ufagio, akatimua mbio. Mwanaheri akacheka mpaka akakaa chini. Firdausi alitoka ndani, akamwona mama yake mdogo amekaa vumbini na gauni safi, akarudi ndani polepole. Alipita mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka kwa jirani.

Mama Reverien alikuja akijipangusa mikono. Hakuuliza kitu. Alikinusa kikombe kilichokuwa mezani, akakinusa tena, akakitua.

"Uliweka nini humu?"

"Siri ya kampuni," Mwanaheri alisema.

"Mwanaheri. Uliweka nini?"

"Unga wa mtama. Kidogo tu, ili ushikane."

"Ukalaza wapi?"

"Nyuma ya mlango. Kwenye joto kidogo."

Mama Reverien alivuta kigoda akakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Umutobe, mtama, joto, usiku mmoja," alisema, akihesabu kwa vidole. "Binti Ujiji, hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa anapika pombe. Hii ni urwarwa. Tena umeitengeneza vizuri, shemeji yangu Ndayiragije angekuoa leo hii."

Kicheko chake kikakatika ghafla. "Watoto wamekunywa?"

Mwanaheri alitikisa kichwa, na kichwa kikaendelea kutikisika chenyewe. "Nimewanyima. Nilisema za kuonyesha."

"Hakika?"

"Wallahi."

"Basi Mungu anakupenda kuliko unavyojua."

Hapo ndipo ilipomfikia. Pombe. Kwenye nyumba ya Hamis, kwenye friza ya Hamis, Bibi Adija akiwa ndani ya basi. Si lambalamba tena zilizokuwa zinapotea. Bibi angevuta pumzi moja tu hapo mlangoni, na jioni mama wa watoto angetoka barazani na kanga yake ya njano akute ua mtupu. Mwanaheri aliziba mdomo kwa viganja viwili, na machozi yakapita juu ya vidole.

"Astaghfirullah. Mimi sikujua. Mama Reverien, mimi kweli sikujua."

"Najua hukujua. Inuka. Kulia utalia kesho."

Alimwagiwa maji kichwani. Alinyweshwa mengine, kata moja, mbili, tatu, mpaka tumbo likalia kama dumu. Alitafunishwa karafuu, akatafunishwa tena. Alitaka kumwaga vile vikombe sita vilivyobaki, Mama Reverien akamshika mkono: "Humu ndani kuna ndizi zangu. Nitavifuata na ndoo jioni, Ndayiragije atafurahi." Wakavifunika kwa mgebuka, chini kabisa ya friza.

"Sasa bibi atakula nini?" Mwanaheri alisema. Alikuwa anazunguka jikoni, anashika kitu, anakiacha, anashika kingine. "Saa nne na nusu! Hakuna kinachoganda kwa saa moja na nusu! Nitamwambia zimeisha. Nitamwambia zimeibiwa. Kuku... nitamwambia ni kuku."

"Mama hagandishi," Firdausi alisema.

Mwanaheri akasimama. "Nini?"

"Mama akitutengenezea hagandishi juisi. Anachukua barafu ya kwenye friza, ile ya maji, anaifunga kwenye kitambaa, anaiponda kwa mchi. Halafu anaweka kwenye bakuli, anamwagia pasheni na ndizi mbivu na nanasi. Tunakula kwa kijiko. Saady anapenda aanze kuponda yeye."

"Firdausi! Tangu Alhamisi unanitazama nahangaika! Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza," Firdausi alisema. "Ulisema unajua."

Mwanaheri akapiga magoti mbele ya mtoto wa darasa la pili, vumbi na yote.

"Nakuuliza," alisema. "Nifundishe."

*

Barafu ilifungwa kwenye kanga kuukuu. Saady alipewa mchi wa kwanza. Alipiga kwa mikono miwili, kama anavyopunga Kabanga, na kila akipiga alisema "hah!" mpaka barafu ikawa unga mweupe unaometa. Firdausi alisimamia. "Pasheni usichuje, mbegu zinapendeza. Ndizi hiyo bado, chukua ile yenye madoa. Sukari usiweke, mamdogo. Nimesema usiweke." Mwanaheri alikata nanasi vipande vidogo kama punje za mahindi, na kila alipotaka kufanya utani aliuma karafuu.

Saa sita na robo bajaji ilisimama. Bibi Adija alishuka, mwembamba na mrefu, buibui limepakwa vumbi lote la barabara ya Kibondo, mkononi begi tupu. Begi lilikuwa tupu kwa makusudi, na kila mtu aliliona.

"Shikamoo, bibi!" waliita watatu kwa pamoja.

"Marahaba." Hakukaa. Alimvuta Saady karibu, akamfunua kope, akamtazama kucha. Alipitisha kidole kwenye rafu. Alimnusa Mwanaheri kwa mbali.

"Mbona unanuka karafuu kama sufuria la pilau?"

"Jino, bibi."

"Mm. Lambalamba ziko wapi?"

Mwanaheri alileta bakuli. Barafu ilikuwa imekaa kama kichuguu cheupe, pasheni imetelemka pembeni kwa rangi ya dhahabu na mbegu nyeusi, ndizi na nanasi zimeizunguka. Bibi alichota kijiko, akafumba macho kidogo kwa ajili ya meno. Akachota kingine. Nje upepo ulipita na mabati yake. Mwanaheri alihesabu vijiko kimoyomoyo, na kidole gumba cha mguu kilikuwa kinachimba sakafu. Pembeni, Saady alikuwa ameinamia bakuli lake, hainui uso.

"Ipo tena?" Saady aliuliza.

Bibi Adija alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Kijiko chake kiligota kwenye bakuli tupu.

"Kwenye simu baba yao aliniambia huyu hali chakula," alisema taratibu. Akavuta kiti. Sasa alikaa. "Haya. Mimi nilikuja na begi. Lakini mtoto anayeomba tena, simhamishi. Watabaki. Saa kumi tutakwenda wote Kabanga nikamwone mama yao."

Firdausi alimkonyeza Mwanaheri, na Firdausi hakuwa mtu wa kukonyeza ovyo. Mambo yalikuwa yamekwisha. Angenyamaza tu. Angechukua bakuli, aende akalioshe, anyamaze.

Lakini mdomo ule haukuzaliwa kwa ajili ya kunyamaza.

"Si nilikwambia, bibi?" alisema, mikono kiunoni. "Ndiyo lambalamba zangu hizo. Kila siku!"

Saady akainua uso wake, kidevu kizima ni pasheni.

"Hapana," alisema. "Hizi ni za mama. Za mamdogo ni zile zingine."

"Zipi zingine?" bibi aliuliza.

"Saady, kula," Mwanaheri alisema.

"Zile anazokula peke yake. Ziko chini ya samaki. Sisi hatupewi. Akila anacheka, anaimba pasheni pasheni, halafu anamwamkia mbuzi."

Bibi Adija aliinuka. Alitembea mpaka kwenye friza bila haraka, akafunua, akasogeza mgebuka mmoja mmoja kama mtu anayetafuta sindano yake mwenyewe. Akatoa kikombe, akakisogeza puani. Bibi Adija hakuwahi kuonja urwarwa maishani mwake, lakini aliuza chumvi Kibondo kwa miaka arobaini, na wanywaji nao hununua chumvi.

"Bibi, wallahi, nilidhani ni unga tu, ili ishikane, mimi sikujua kwamba mtama..." Maneno yalimtoka Mwanaheri yakigongana mlangoni. "Nilisema kila siku na haikuwa hata siku moja. Hii ya leo kanifundisha Firdausi. Watoto hawakugusa, naapa. Usiwachukue. Nichukue mimi, lakini wao waache."

Bibi alikirudisha kikombe chini ya samaki, akafunika friza. Akaokota begi lake tupu sakafuni. Saady akaacha kijiko. Bibi akalikunja begi mara mbili, mara tatu, akalisukumia juu kabisa ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi. Kisha akavua buibui, akakung'uta vumbi, akalitundika kwenye msumari wa mlango, msumari wa Safina, akalinyoosha vizuri kama mtu ambaye hatalihitaji karibuni.

"Nitalala chumba cha watoto," alisema. "Na funguo za hiyo friza, lete hapa."

Mwanaheri alizitoa.

Bibi Adija alizifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye kiti chake, akamvuta Saady mapajani na kumpangusa kidevu.

"Sasa niambie, mume wangu," alimnong'oneza, ila nyumba nzima ilisikia. "Huyo mbuzi. Aliitikia?"

Saady alifikiri.

"Hakuitikia, bibi," alisema. "Alikimbia."